Merkato: muchezaji akiuzwa pesa inapita wapi, na kwa nini haifike Kamanyola?

Kila mwaka, mwezi wa sita ukiisha, mazungumuzo ya mupira hapa Kamanyola yanabadilika. Ligi zimefungwa, hakuna mechi ya kuangalia, lakini kelele ndiyo inaongezeka. Kwa wenye kuchajisha simu, kwa kinyozi, kwa vijana wa moto wanaongojea wateja kwenye njia ya kwenda mupaka wa Bugarama, swali ni moja tu: nani anakuja, nani anaondoka? Mupenzi wa Yanga anaapa kwamba muchezaji fulani amekwisha saini. Wa Simba anamuambia alete picha. Wa Mazembe anawacheka wote wawili, anasema munagombania watoto tuliowalea sisi. Halafu pembeni kuna muzee mumoja anauliza: na huyo mutoto, kabla ya kufika Kinshasa, alikuwa anachezea wapi?

Muzee hajibiwi. Hakuna anayejua, na mbaya zaidi, hakuna anayeona kama ni swali la maana. Mimi naona ndilo swali kubwa kuliko yote ya merkato, sababu jibu lake lina feza ndani. Ni feza ambayo kwa kanuni ya FIFA inapaswa kurudi mpaka kwenye kiwanja cha vumbi ambako mutoto alianzia. Tueleze basi namna merkato inavyotembea, halafu tutafute mahali feza hiyo inapopotelea.

Zamani wao ndio walikuwa wanakuja kwetu

Kwanza njia yenyewe, maana imegeuka. Kijana wa miaka 18 leo anafikiri tangu dunia iumbwe ni Wakongomani wanaoenda Dar es Salaam. Hapana. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ilimutoa Mbwana Samatta katika Simba, na Thomas Ulimwengu, Mutanzania mwenzake, akafika mwaka ule ule. Mazembe ilikuwa imetoka kuchukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili kwa kufuatana, 2009 na 2010, na mwisho wa 2010 ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu na Inter ya Italia. Walipigwa 3-0, lakini ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika kufika pale. Kwa kijana wa Tanzania wakati ule, kwenda Lubumbashi ilikuwa kupanda ngazi.

Samatta hakupoteza muda. Mwaka 2015 Mazembe ilirudisha kombe la Afrika mbele ya USM Alger ya Algeria, na yeye alifunga mabao 7 katika mashindano yale. Mwezi wa kwanza 2016 akapewa zawadi ya muchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, akaenda Genk kule Ubelgiji, na mwezi wa kwanza 2020 akafika Aston Villa ya Uingereza. Yaani njia ya Mutanzania kwenda Uingereza ilipitia Katanga.

Leo mutumbwi unaelekea upande mwingine. Mwaka 2020 Yanga ilichukua Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe toka AS Vita Club. Mwaka 2021 wakarudi kwa Vita tena, wakaondoka na Fiston Mayele na Djuma Shabani. Mwaka ule ule Simba ikaingia Kinshasa kwa mulango wa Motema Pembe na kumuchukua Henock Inonga. Mwezi wa kwanza 2023 Simba ikamukopa Jean Baleke kwa Mazembe. Katikati ya 2023 Yanga ikamupata Maxi Nzengeli, na huyu anatugusa zaidi sisi wa mashariki, sababu alitoka AS Maniema Union ya Kindu. Mwaka 2024 Elie Mpanzu naye akavaa jezi ya Simba.

Kwa nini? Wengi wanasema ni tamaa ya vijana. Tuseme ukweli: ni mushahara unaolipwa kwa tarehe. Mwaka 2021 shirikisho la mupira la Tanzania lilisaini na Azam Media mukataba wa televisheni wa miaka 10, wa shilingi bilioni 225.6. Timu zinajua mwaka kesho zitapata nini. Kwetu, msimu wa 2022-2023 wa Linafoot haukumalizika. Muchezaji mwenye miaka 25 hana misimu mingi ya kutupa. Na inchi yetu ni pana, timu inapanda ndege kwenda kucheza mechi moja, halafu inarudi na madeni. Mimi simulaumu anayevuka ziwa.

Na sisi wa bonde la Ruzizi, Yanga na Simba hazikuingia kwetu kwa televisheni peke yake. Kuna ndugu zetu wengi waliokaa miaka katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kuna wafanya biashara wa Uvira wanaovuka ziwa. Walirudi na kitenge, na chumvi, na timu.

Muchezaji si mbuzi

Tunasema «kuuza muchezaji» kama vile tunavyosema kuuza mbuzi sokoni. Kumbe kinachouzwa si mutu, ni muda uliobaki kwenye kontra yake. Kijana akiwa na kontra ya miaka 3 na amecheza mwaka 1, timu inayomutaka inalipa ili ile ya kwanza ikubali kuvunja miaka 2 iliyobaki. Halafu na yeye mwenyewe lazima akubali, ajadiliane mushahara, asaini. Akikataa, hakuna kitu.

Kontra ikiisha, anaondoka bure. Haikuwa hivyo siku zote. Kule Ubelgiji kulikuwa na muchezaji anaitwa Jean-Marc Bosman, wa RFC Liège, kontra yake ilikwisha na bado timu yake ikadai feza ili imuachie. Alienda mahakamani, na tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 1995 mahakama ya Ulaya ikamupa haki. Toka hapo, kanuni za FIFA zinamuruhusu muchezaji kuzungumuza na timu nyingine kontra yake ikibakiza miezi 6. Ndiyo maana unasikia mwezi wa kwanza kwamba fulani «amekwisha malizana» na timu fulani wakati bado anacheza kwingine. Si usaliti, ni haki yake, ingawa mupenzi wa timu hawezi kulala usingizi.

Prezida wa timu mwenye akili hangoji miezi hiyo 6. Anaongeza kontra mapema au anauza mapema. Ukisikia timu imemuuza nyota wake akiwa bado ana mwaka mumoja, usikimbilie kutukana. Wamepiga hesabu: leo tunapata dola, mwaka kesho tunapata kwaheri.

Kuna pia kukopesha, na hapa Baleke ni mufano muzuri. Alipofika Simba 2023 alikuwa bado muchezaji wa Mazembe, ameazimwa tu. Baadaye akaenda Libya, na mwaka 2024 akaibukia Yanga, kwa mahasimu wenyewe. Pale kwenye kuchajisha simu siku ile watu karibu wapigane.

Dirisha nalo linasumbua wengi. Kila shirikisho linachagua vipindi viwili kwa mwaka vya kuandikisha wachezaji, na kwa kanuni ya sasa vyote viwili vikiunganishwa havipite majuma 16. Watanzania wanaviita dirisha kubwa na dirisha dogo. Mpanzu alisaini Simba mwishoni mwa mwezi wa 9 mwaka 2024, dirisha kubwa limekwisha fungwa. Kwa hiyo alikaa anafanya mazoezi tu, akangoja dirisha dogo la mwezi wa 12 ndipo acheze ligi. Kusaini unaweza kusaini siku yoyote, kuandikishwa ndiko kuna tarehe. Hao wawili wanaobishana kila mwaka, mumoja akisema «amesaini» na mwingine «hajaingia», mara nyingi wote wawili wana haki.

Tena Tanzania imeweka kikomo: wachezaji 12 wa kigeni kwa kila timu. Maana yake kila Mukongomani anayeingia anaweza kumutoa mwingine, wakati mwingine Mukongomani mwenzake. Ukiona timu imemushukuru muchezaji asubuhi kwa picha nzuri na maneno matamu, ngojea jioni, kuna mugeni anakuja.

Nifungue mabano kidogo. Marekani wana muchezo wa besiboli, wa kupiga mupira mudogo kwa gongo. Kule timu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji kabisa, mimi nakupa huyu, wewe nipe wale wawili, na muchezaji anapashwa habari tu kwamba kesho anahamia muji mwingine. Kontra yake inamufuata kama ilivyo. Wenye kuweza kukataa ni wale walioandikisha haki hiyo katika kontra, au waliocheza miaka 10 katika ligi kubwa, na 5 ya mwisho katika timu ile ile. Feza zao nazo ni za hadithi: mwezi wa 12 mwaka 2023 Mujapani Shohei Ohtani alisaini na Los Angeles Dodgers dola milioni 700 kwa miaka 10, akakubali milioni 680 kati ya hizo alipwe baadaye, kuanzia 2034. Nilipowaeleza vijana wa moto jambo hili, walinyamaza, halafu mumoja akasema yeye hata deni la jana jioni hawezi kungojea. Mabano yamefungwa.

Ile asilimia 5

Sasa turudi kwa swali la muzee.

FIFA ina kanuni ya mushikamano. Muchezaji akihama toka inchi moja kwenda nyingine na feza ikatolewa, asilimia 5 ya feza ile inakatwa na kugawanyiwa timu zote zilizomulea toka mwaka alipofikia miaka 12 mpaka mwaka wa 23. Msimu wowote kati ya miaka 12 na 15 unalipwa asilimia 0.25 ya bei. Msimu wowote kati ya miaka 16 na 23 unalipwa asilimia 0.5. Piga hesabu: misimu 4 kwa 0.25 ni 1, misimu 8 kwa 0.5 ni 4, jumla 5.

Tuchukue mufano wa kufikiria. Kijana wa kartiye moja ya hapa alicheza timu yetu akiwa na miaka 16, 17 na 18, akaenda Bukavu, akaenda Kinshasa, na akiwa na miaka 25 timu ya inchi ya Kiarabu ikamununua kwa dola 200,000. Timu yetu ina haki ya asilimia 1.5, yaani dola 3,000. Kama tulikuwa naye pia toka miaka 12 mpaka 15, tunaongeza asilimia 1, dola 2,000. Jumla 5,000. Na akiuzwa tena kwingine, tunalipwa tena. Kwa timu ambayo inachangisha franga kwa wachezaji wenyewe ili inunue mupira, dola 5,000 ni kitu gani? Mwenyewe pima.

Kuna feza ya pili, ya malezi, na hii inaweza kuwa kubwa zaidi. Kijana anaposaini kontra yake ya kwanza ya kazi katika inchi nyingine kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, timu mupya inalipa waliomulea, kwa kila mwaka wa malezi. Bei inategemea kundi la timu inayomuchukua. Katika Afrika ni dola 30,000 kwa mwaka kwa timu za kundi la 2, 10,000 kwa kundi la 3, na 2,000 kwa kundi la 4. Lakini akienda timu ya kundi la 4 hakuna malipo, na miaka ya utoto, 12 mpaka 15, inahesabiwa kwa bei ya chini kabisa. Kwa hiyo kijana yule yule wetu, kama angeondoka moja kwa moja akiwa na miaka 19 kwenda timu ya nje ya kundi la 3, ile misimu 3 ingekuwa dola 30,000.

Ukisoma hapa unaweza kufikiri tumekwisha tajirika. Polepole.

Kwanza, hizi kanuni ni za kuvuka mupaka. Kijana akitoka Kamanyola kwenda Bukavu, Bukavu kwenda Lubumbashi, hiyo ni ndani ya inchi moja, FIFA haihesabie hapo, ni kanuni za hapa kwetu na namna mulivyoelewana. Na kama alisaini kontra yake ya kwanza Lubumbashi, siku atakapovuka, feza ya malezi inaenda kwa timu ya mwisho tu. Sisi tunabakia na ile ya mushikamano.

Pili, asilimia 5 ya sufuri ni sufuri. Muchezaji akiondoka bure kontra imeisha, hakuna bei, hakuna cha kugawanya. Wakongomani wengi wanaondoka namna hiyo.

Tatu, na hapa ndipo penye kidonda: karatasi.

Daftari

Toka mwezi wa 11 mwaka 2022 malipo haya hayapitie tena mukononi mwa timu na timu. FIFA ilianzisha nyumba ya malipo kule Paris, na uhamisho unapofanyika, kompyuta inatengeneza pasipoti ya mupira ya muchezaji: alizaliwa lini, aliandikishwa timu gani, toka tarehe gani mpaka tarehe gani. Pasipoti hiyo inakusanywa toka mashirikisho. Shirikisho letu, FECOFA, linakusanya toka ligi za majimbo, ligi zinakusanya toka antanti, antanti inakusanya toka timu. Kama chini hapa hatukuandika, juu kule hakuna jina. Kompyuta haijui kwamba ulimununulia mutoto viatu.

Halafu, hata jina likipatikana, timu inatakiwa iwe inajulikana kwa shirikisho lake, na iwe na konte ya banki. Si konte ya prezida, si simu ya mutunza feza, ni konte ya timu. Hapa kwetu timu nyingi zina feza katika mufuko wa mutu mumoja anayeaminika, na siku akihama, timu inaanza tena na sufuri. Mwenye kutaka kulalamika kwa FIFA naye hana milele: baada ya miaka 2 toka haki ilipozaliwa, mulango unafungwa.

Nami mwenyewe nina dhambi katika jambo hili. Nilipokuwa na miaka 20 na kitu nilikuwa mwandishi wa timu moja ya kartiye yetu, kazi yangu ilikuwa kujaza lisansi za wachezaji. Tulikuwa na kijana mumoja, miguu yake ilikuwa inasema. Alikaa nasi misimu 4, na mimi niliandikisha mumoja tu, ule wa mashindano, sababu kuandikisha kulikuwa na franga za kulipa na hatukuwa nazo. Na mwaka wa kuzaliwa nilimupunguzia miaka 2, kama kila mutu alivyokuwa anafanya, ili acheze na wadogo. Alivuka, akacheza inchi ya jirani kwa jina la nyumbani na tarehe nyingine kabisa. Kama kesho angeuzwa dola milioni, sina karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba yule ni yule. Tulifikiri tunamusaidia.

Kupunguza miaka kunauma mara mbili. Kunaharibu ushahidi wa timu, na kunamuweka kijana mwenyewe hatarini, maana pasipoti ya kusafiria ikisema moja na lisansi ikisema lingine, ni yeye anayesimamishwa kucheza, si mwandishi wa timu aliyeandika.

Sisi wa mupakani

Kuna sehemu moja ya kanuni ambayo inaonekana kama iliandikwa kwa ajili ya Kamanyola, na sijasikia mutu akiizungumuzia. FIFA inakataza mutoto chini ya miaka 18 kuhamia timu ya inchi nyingine. Ni kukataza kabisa, na sababu inajulikana: watoto wengi wa Afrika walitupwa barabarani Ulaya baada ya kushindwa majaribio. Lakini kuna vipekee. Kimoja ni kama wazazi wamehamia inchi ile kwa sababu zao zisizohusu mupira. Kingine ni cha watu wa mupakani: mutoto akiwa anakaa umbali usiopita kilometa 50 toka mupaka, na timu ya upande wa pili nayo iko ndani ya kilometa 50 toka mupaka, na kati ya nyumba na timu hakupite kilometa 100, anaweza kuandikishwa kule. Ila lazima aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali wazi wazi.

Angalia ramani. Bugarama ni hapo, unaiona. Rugombo ya Burundi nayo si mbali. Muvulana wa Kamanyola mwenye miaka 15 anaweza, kwa haki kabisa, kufanya mazoezi upande wa pili na kurudi kula kwa mama yake. Ninasema kwa haki ya mupira, maana kuna haki nyingine zinazoamua zaidi siku hizi. Mupaka ukifungwa, mazoezi yamefungwa. Na pale ambapo serikali hazisemezani vizuri, kutafuta mashirikisho mawili yasaini karatasi moja juu ya mutoto mumoja ni kazi. Hata hivyo tunaona wavulana wanavuka kucheza, wanaenda bila karatasi yoyote, na misimu yao inapotea katika hesabu za pande zote mbili.

Jambo la mwisho ni kwa wazazi, hasa ba mama, sababu ndio wanaofuatwa. Kila merkato ikianza wanatokea watu wenye simu nzuri wanaosema ni wakala, wana nafasi Dar, wana nafasi Dubai, inabakia tu dola mia fulani za viza na majaribio. Toka 2023 wakala wa mupira anatakiwa awe amefanya mutihani wa FIFA na kupata lisansi yake, na majina ya wenye lisansi yanaonekana kwenye intaneti, mutu yeyote anaweza kutafuta. Mwenye kuzungumuza na mutoto bila ruhusa ya muzazi iliyoandikwa amekwisha vunja kanuni, hata kama lisansi anayo. Na timu inayokutaka kweli inatuma barua kwa timu yako, haitume mutu kuomba mama yako auze shamba. Muangalie Mayele aliyeenda Yanga. Misimu 2 baadaye alikuwa amefunga mabao 17 katika ligi, sawa na Murundi Saido Ntibazonkiza wa Simba, na 7 katika kombe la shirikisho la Afrika ambako Yanga ilikosa kombe kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger. Pyramids ya Misri ikazungumuza na Yanga, akahama 2023. Tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2025 alifunga katika fainali ya mabingwa, Pyramids ikawapiga Mamelodi Sundowns 2-1 kule Cairo na kombe likabakia kwao. Katika safari yote hiyo, kila hatua ilikuwa na karatasi nyuma yake.

Juma lililopita nilipita kiwanjani jioni. Kocha wa watoto, mutu ninayemuheshimu sana, ambaye halipwi hata franga moja, alinionyesha daftari lake. Majina yako, yameandikwa vizuri, na wino wa bluu. Karibu nusu hayana mwaka wa kuzaliwa. Nilimuuliza daftari la mwaka jana liko wapi. Akafikiri kidogo, akasema mvua iliingia. Halafu akaniomba peni, akaita watoto wapange mustari, akaanza na mudogo kabisa: jina la baba, jina la mama, ulizaliwa wapi, ulizaliwa lini. Wa tatu hakujua. Akamutuma nyumbani kukimbia kuuliza.